Moto wa Juu

Maisha yangu yote kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wasiguse. Usiguse hapo, bado pana moto. Usiguse kwa mkono wenye maji. Usiguse kwa kijiko, na usiniulize kwa nini, weka kijiko chini kwanza. Watu huitikia kwa kichwa, wanasema sawa fundi, kisha wanagusa. Hasira zangu hizi, ambazo mke wangu hudai nilizaliwa nazo, mimi nimezipata kwenye koili, ule waya uliosokotwa wa kupashia moto.

Ufundi wa koili nilijifunza kiwandani. Kilikuwa kiwanda cha korosho, na mimi niliwekwa kwenye vyumba vya kukaushia, ambamo koili nene zilipangwa ukutani safu juu ya safu zikiwaka kutwa. Msimamizi wetu alikuwa mtu mwembamba mwenye kovu lililoenea kiganja kizima cha mkono wa kulia, na kovu lile ndilo lililokuwa somo la kwanza. Koili nyekundu hakuiogopa, kwa kuwa hata mlevi huikwepa. Aliyoiogopa ni ile iliyozimwa dakika tano zilizopita, imerudia rangi yake ya kijivu, imetulia, nawe unadhani imepoa. Alitufundisha kuzima, kuchomoa, kusubiri, halafu kusogeza mgongo wa mkono polepole tusikie joto kabla ya kugusa chochote. Alitufundisha pia kusimama pakavu na kuvaa raba. Aliyekuja kazini na viatu vya ngozi vyenye misumari kwenye soli alirudishwa nyumbani kubadilisha, na sisi wengine tulimcheka mpaka anapotea njiani.

Kisha zikaja enzi za ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa mlango. Kiwanda kikasimama, tukaambiwa tumepunguzwa, kila mtu akachukua njia yake. Kwetu ni Mtama, lakini Mtama sikuona koili ya kutengeneza, basi nikashuka Lindi mjini nikaweka meza kwenye kibaraza cha duka moja. Duka lile miaka michache nyuma lilikuwa na majani ya chai, viberiti na mwenye duka basi. Sasa lilijaa mpaka mlangoni: redio za kaseti, pasi, feni, birika za umeme, vyote vimetoka Dubai kwa kupitia mikono ya watu wengi. Kila boksi lilikuwa na karatasi ya maelezo kwa maandishi ambayo hakuna Lindi nzima aliyeweza kuyasoma. Watu walinunua, wakachomeka, wakaniletea.

Kilichonipa kazi zaidi ni majiko ya umeme. Yalikuwa majiko mepesi ya bati yenye miguu mitatu, juu yake sahani ya udongo mweupe iliyochongwa mfereji wa kuzunguka, na ndani ya mfereji imelazwa koili tupu, haina kifuniko, haina chochote. Ikiwaka unaiona yote. Mimi nilikuwa nikimuuliza mwenye duka, hivi huko walikotengeneza hiki kitu hawana watoto, hawana paka? Yeye alinijibu kwamba yanatoka sana.

Wakati huo nilikuwa nimempenda msichana mmoja. Alileta pasi yao nikaitengeneza. Akaileta tena baada ya wiki, nikaitengeneza. Mara ya tatu nikaifungua nikaikuta nzima kabisa, haina hata vumbi, nikamtazama, naye akatazama barabarani. Nikajua la kufanya.

Baba yake alikuwa karani wa forodha, alikwisha kufariki, akamwachia mkewe nyumba ya mawe yenye umeme na pangaboi sebuleni. Mama mwenyewe asili yake Kiswere, na mji mzima ulimjua kwa mkate wa kumimina. Kwa asiyejua, ule ni mkate wa mchele: mchele unalowekwa, unatwangwa, unachanganywa na tui, sukari, hamira na iliki, ukiumuka unamiminwa kwenye sufuria yenye mafuta ya moto. Mimi niliujua kwa kuula tu. Unavyopikwa sikuwahi kuona, wala sikuona sababu ya kuuliza, na kosa langu lote limeanzia hapo.

Tena mkate ule nyumbani kwao haukuwa chakula tu. Posa ikiletwa, jibu halikusemwa kwa mdomo. Wageni walikaa sebuleni na mposaji mwenyewe akiwemo, kimya, ili aangaliwe vizuri. Mwisho wa mazungumzo sinia lililetwa. Ikija chai peke yake, maana yake tumewasikia, nendeni salama. Ikija chai na mkate, mmepewa mke. Vijana wawili kabla yangu walikunywa chai. Mmoja wao alikuwa mwalimu.

Nikatafuta mshenga. Nilimpata fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa hapo hapo mjini, mtu wa koti na kandambili katika jua lolote, ambaye alikuwa amekwisha kuwaozesha watu wengi kwa maneno yake. Alinishauri nitangulize zawadi kwa mama ili njia iwe laini. Wengine walipeleka kanga na sukari. Mimi nikasema hapana, mimi ni fundi, nitapeleka kitu ambacho mwalimu hakukifikiria. Nikachukua jiko moja la umeme pale dukani, nikalifungua, nikakaza kila skrubu, nikabadilisha waya wake mwembamba nikaweka mnene, nikalipangusa mpaka likang'aa.

Halafu nikakumbuka mama yule anapaswa kuelezwa namna ya kulitumia, na hapo ndipo mambo yakawa magumu. Kwetu na kwao, mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni. Akipita njia hii, wewe unakata ile. Huingii jikoni kwake, husemi naye, na chumba chake cha kulala hata kukitaja ni kukosa adabu. Msichana mwenyewe alikuwa amepelekwa Kitomanga kwa mama yake mdogo akae huko mpaka jibu litoke. Nikataka kuandika masharti kwenye karatasi. Mshenga akakataa katakata.

"Mkweo umwandikie karatasi?" aliniuliza. "Kwani unamwita mahakamani? Niambie mimi, nitamwambia kwa mdomo na kwa heshima."

Basi nikamwambia. Nilisimama naye kibarazani karibu saa nzima. Asiguse koili hata ikiwa nyeusi. Asiingize chochote cha chuma. Asilishike kwa mikono ya maji, asisimame pekupeku kwenye sakafu mbichi. Achomoe kabla hajaepua sufuria. Lisiinamishwe wala lisiinuliwe likiwa la moto, maana koili ikishika moto inalegea na inaweza kutoka kwenye mfereji wake. Yeye alikuwa akisema naam, naam, huku anakata nyuzi kwenye suruali ya mtu.

Alirudi jioni, amependeza, ameshiba.

"Amefurahi sana," alisema. "Nimemweleza yote. Nimemwambia, kijana wetu anasema moto huu ni wa heshima, nao unataka kuheshimiwa."

"Mimi sikusema hivyo. Umemwambia kuhusu kuchomoa?"

"Nimemwambia kwa lugha yetu ya kishenga. Ameelewa. Ameuliza swali moja tu, moto wa juu unakuwaje."

"Moto wa juu upi?"

"Mimi nitajuaje, mambo ya jikoni hayo. Nimemwambia fundi wetu hashindwi."

Wiki iliyofuata alikuja tena na salamu mpya: mama anauliza kama anaweza kupata jiko la pili, lililo sawasawa na hili. Nyie, nilivimba kichwa. Nilijiona nimekwisha kuoa. Niliona mama wa watu amelipenda jiko langu hata moja halimtoshi, moja anatia mchuzi, jingine wali. Nikachukua la pili siku ile ile, na hili sikulifungua hata kulikagua, nilikuwa na haraka ya kupendwa. Nikapeleka pia kile kiplagi cha kuunganisha vitu viwili kwenye tundu moja, ambacho mteja akiniletea huwa namgombeza.

Siku ya jibu ilikuwa alasiri, jua kali. Mjomba wangu alishuka kutoka Mtama na wazee wengine wawili, na kwa desturi yetu mjomba ndiye mwenye neno. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakatika mikunjo, na alikuwa na wasiwasi kuliko mimi, maana aliamini watu wa mjini watatudharau kwa kuwa tumetoka ndani huko kwenye mihogo. Mimi niliazima viatu vya ngozi. Tulivivua mlangoni kama inavyopasa, tukakaa mkekani. Upande wao neno lilikuwa la mjomba wa msichana, kaka yake mama, mtu mnene asiyecheka, aliyenitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu kisha akaanza upya.

Mazungumzo yakaenda taratibu. Mimi nilikaa kimya nikiangalia juu, kwa sababu sikujua niangalie wapi, na juu palikuwa na pangaboi likizunguka.

Mara likapunguza mwendo.

Nikatabasamu moyoni. Umeme wetu wa Lindi ulitoka kwenye injini za dizeli, haukuwa na nguvu ya kuchezea, na kitu kizito kikiwashwa ndani ya nyumba kila kingine kilijua. Nikasema moyoni, jiko langu hilo, limeshika kazi. Mkate unapikwa. Napewa mke. Mjomba wangu alikuwa katikati ya maneno yake kuhusu ukoo wetu ulivyotoka ng'ambo ya Ruvuma, nami nikawa namsikia kwa mbali kama redio ya jirani.

Pangaboi likapunguza tena.

Hapo tabasamu likanitoka. Jiko la pili la nini? Mchuzi haupikwi siku ya jibu. Ni mkate na chai, na chai ilikwisha kuchemka zamani, chupa mbili niliziona zikipita. Mkate mmoja, majiko mawili. Nikageuka nikamtazama mshenga aliyekaa kando yangu, na kutoka kichwani mwangu likaja swali lile ambalo sikulijibu: moto wa juu.

Nikamnong'oneza. "Mkate wa kumimina unapikwaje?"

Akanitazama kwa huruma, akadhani nimeingiwa na woga. "Kama unavyopikwa siku zote," alisema. "Makaa chini kidogo, halafu bati juu ya sufuria, na juu ya bati makaa mengine, ili uso uive."

Makaa juu ya bati. Nikaliona jambo lote kama niko jikoni. Mama yule alikuwa na akili kunishinda mimi: moto wa chini amepata, moto wa juu hana, akaomba jiko la pili, akaligeuza juu chini akalifunika kwenye bati. Na fundi wake, mwenye miaka kadhaa ya vyumba vya kukaushia, ndiye aliyempelekea.

Koili iliyogeuzwa ikipata moto inalegea. Ikilegea inaanguka kutoka kwenye mfereji. Ikianguka inalala juu ya bati, na bati lote linakuwa umeme, na sufuria nayo. Mwanamke atakayekuja kufunua bati lile, pekupeku kwenye saruji iliyomwagiwa maji, hata kupiga kelele hatapata nafasi. Nilikuwa bado nawaza hivyo pangaboi likashtuka, likakaribia kusimama, likajikokota tena. Nikajua koili imekwisha kuanguka.

Nilisimama. Mjomba wangu akanyamaza katikati ya Ruvuma.

Nilijua meni swichi, ile inayozima nyumba nzima, iko wapi, maana fundi akifika nyumba ya watu hatazami mapambo, anatazama waya. Waya wa nguzoni uliingia ukutani upande wa kushoto wa nyumba, juu kabisa ya dirisha lenye pazia la maua. Marehemu karani aliiweka swichi chumbani kwake ili wapangaji wasiichezee. Kwa hiyo ilikuwa chumbani kwa mama mkwe.

Nilikuwa pekupeku, na mkono wangu ulikuwa na jasho la posa. Ningeshika swichi hali hiyo, marehemu msimamizi wangu angefufuka. Kwa hiyo sikukimbilia ndani. Nilikimbilia nje, mlangoni, kutafuta raba.

Nilisikia baadaye kwamba hapo mjomba wa msichana alisema kwa utulivu, "Anatoroka." Na mjomba wangu akafunika uso kwa mikono miwili.

Viatu vyangu vya kuazima vilikuwa vya ngozi na vilikuwa na misumari kwenye soli. Nikavitupa, nikatia miguu kwenye kandambili za mshenga, ambazo zilinibana visigino vikabaki nje, nikarudi ndani nazo juu ya mkeka. Nikapita katikati ya wazee bila kusema samahani. Nikasukuma pazia, nikaingia ukumbini, nikafungua mlango wa kushoto. Chumba kilinukia udi. Swichi ilikuwa juu ukutani, na chini yake, kimeegemea ukuta, kilikuwa kitanda cha samadari kimetandikwa shuka jeupe la kudarizi. Pembeni hapakuwa na nafasi. Nikapanda. Nikasimama na kandambili za fundi cherehani juu ya mto wa mama mkwe wangu, nikashusha swichi.

Nyumba ikanyamaza. Kisha kutoka uani ikaja sauti ya mwanamke, kali, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia.

"Nani kazima umeme wangu?"

"Mama, usiguse," nilijibu, nikiwa bado juu ya kitanda. "Chochote ulichoshika, weka chini."

Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kwa mama mkwe wangu. Hata shikamoo sikutanguliza.

Nikashuka nikaenda uani, kwa kuwa kazi haiishi kwenye swichi. Mtu mwingine angeweza kuiwasha. Nikamkuta amechuchumaa mbele ya lile ghorofa lake la majiko, jiko, sufuria, bati, na jiko jingine miguu juu. Miguu yake ilikuwa mitupu, sakafu imelowa, na mkononi alikuwa na koleo la chuma, lile la kuinulia bati la makaa, limebakiza shubiri moja kufika. Nililiona hilo kwa jicho moja tu, kwa sababu hapo ndipo adabu ilinirudia, nikageuza uso ukutani. Nikaanza kupapasa soketi kwa mkono huku natazama kuku. Miaka yote ya ufundi nimewaambia watu watazame wanachoshika, na mimi nilichomoa plagi mbili za hatari kuliko zote maishani mwangu nikiwa nimempa mgongo mkwe.

"Bado lina moto," nilimwambia yule kuku. "Msiliguse mpaka nirudi. Hata likionekana limepoa."

Nikarudi sebuleni. Njiani nikafungua kisanduku cha fyuzi, nikakuta mtu fulani zamani amefunga waya mnene mara tatu badala ya fyuzi, kwa hiyo ile koili ingelala juu ya bati mpaka kesho bila kitu kukatika. Nikavua kandambili mlangoni, nikakaa mahali pangu.

Pangaboi lilikuwa limesimama, joto likatushukia sote sawa. Mwishowe mjomba wa msichana akakohoa.

"Tumepokea vijana wengi humu," alisema. "Wote walikuja kuomba. Huyu amekuja kukagua."

Mjomba wangu akaniuliza kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, kama ni kweli nimepanda kitanda cha mkwe. Nikamwambia kweli. Akaniuliza na viatu? Nikamwambia na viatu, tena vya mshenga. Alisema basi tuondoke kabla hatujaletewa chai, ili angalau tuseme tuliondoka wenyewe. Nilijaribu kumweleza habari za koili, akaniambia habari za koili nimezileta mimi mwenyewe humu ndani.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa hesabu nyepesi. Umeme nimezima, majiko nimechomoa. Mkate ulikuwa haujaiva. Nilikuwa nimejizimia jibu langu mwenyewe kwa mkono wangu, na kama ningetakiwa kufanya tena ningefanya, na nilimpenda yule msichana kiasi kwamba macho yaliniwasha mbele ya wazee. Mshenga akanipa leso. Ndiyo kazi pekee aliyoifanya vizuri.

Tukasubiri. Hakuna aliyetuaga wala kutuambia tukae. Kutoka uani tukasikia mlio wa kupepea, pe, pe, pe, ungo unapiga hewa, na moshi mwembamba wa mkaa ukaanza kuingia kwa chini ya pazia. Mjomba wangu alinyanyuka mara mbili na mara mbili nikamvuta kanzu. Ile pasi yake yote ikaharibika.

Pazia likafunguka. Hakuja shangazi wala mtumishi. Alikuja mama mwenyewe, amejifunika kanga mpaka machoni, na wazee wote wa pande mbili wakakaza migongo, maana jambo hilo lilikuwa halijawahi kuonekana. Mikononi alikuwa na sinia. Juu ya sinia palikuwa na chupa ya chai, vikombe, na mkate wa kumimina, mzima, uso wake umeiva wekundu wa kupendeza.

Akaliweka sinia chini. Mimi nikatazama mkeka kwa nguvu zangu zote.

"Chini umepikwa na moto wake," alimwambia kaka yake, lakini kwa sauti ya kunifikia. "Juu nimemalizia makaa yangu. Sasa naomba nimuulize neno huyu kijana."

"Mwambie mshenga amuulize," alisema kaka yake.

"Mshenga ndiye aliyetaka kuniua," alisema mama. "Nitamuuliza mwenyewe. Mwanangu, ulipotoka mbio nje, ulikwenda wapi?"

"Kutafuta viatu, mama."

"Umeona nakufa ukaenda kutafuta viatu."

"Viatu vya raba, mama. Umeme haupiti kwenye raba. Ningeishika ile swichi vibaya, tungekufa wawili."

Nilisikia akivuta pumzi. Nikadhani nimeharibu tena.

"Mimi nilikuwa pekupeku," alisema.

"Ndiyo, mama. Niliona."

"Na maji chini."

"Ndiyo, mama."

"Na koleo."

Kisha akamgeukia mjomba wangu na kumwambia mkaja wake, ile haki ya mama siku binti anapoolewa, usiwe kitambaa tu. Kanga anazo. Uwe na jozi ya kandambili za raba, na huyu kijana azilete yeye mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, amweleze moto ule unawashwaje na unazimwaje, kwa mdomo wake, bila mtu katikati.

"Na shuka langu utalifua," alimalizia, akarudi uani.

Nililifua. Kandambili nilizipeleka, za bluu, nene kuliko zote dukani, nikasimama mlangoni pa jikoni nimegeukia kuku, nikamweleza yote kuanzia mwanzo, na yeye akaniuliza maswali ambayo wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuniuliza. Jiko la pili nililichukua. La kwanza alipikia mkate miaka yote, umeme chini na makaa juu, na hakuwahi kuligusa bila kuzivaa. Zilipokatika nilipeleka nyingine, zikakatika nikapeleka nyingine. Tulizungumza mlangoni pale maisha yake yote, mimi na yeye, na uso wake nimeuona mara chache sana.

Alipofariki, wanawake walitoa vitu vyake uani kimya kimya, wakamwita mke wangu aseme kipi kiende wapi. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta. Kando ya mlango wa jikoni, pakavu, kandambili za bluu zilikuwa zimepangwa sawasawa, ncha zikielekea jikoni. Nikaingia ndani nikashusha meni swichi, nikachomoa jiko, nikasubiri, nikasogeza mgongo wa mkono. Lilikuwa limepoa.